Mkwe Wangu wa Meza ya Mabango

Kusoma najua, ila polepole, kama mtu anayevuka matope viatu kashika mkononi. Niliishia darasa la tatu kule Bugwema, mwaka ambao baba aliona ni heri nichunge mbuzi kuliko kuchunga herufi. Kwa hiyo mtu asitarajie kwangu maneno ya ofisini. Hayo nimeyasikia na ninayadharau. Mtu anaweza kuyasema asubuhi mpaka jioni na usipate hata moja la kutia chunguni.

Nimeuza chakula Musoma, kule Kitaji, nikiwa bado na meno yote. Nimeuza Bunda misimu ya pamba, wanaume walipokuwa wanakula kama wanagombana. Nimeuza Butiama. Hili ninalosimulia lilitokea katika mji mmoja kati ya hiyo mitatu, na sitasema upi. Si kwamba naogopa. Yule bwana ni baba wa wajukuu zangu, na hao wajukuu wanasoma haraka kuliko mimi.

Hoteli yangu iko kando ya barabara kubwa. Watu wa serikali wanaiita kibanda. Sawa, ina mabati, ina meza nne, ina jiko la kuni kwa nyuma, na ina ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, si huu ugali mweupe wa siku hizi unaoteleza tumboni bila kusalimia. Samaki napika sato, sangara, na kamongo kwa wanaomjua. Kuna watu wakubwa wanasema hawali kamongo eti ana sura ya nyoka. Halafu wanakuja kwa mlango wa nyuma, wananong'ona, "Mama, kile kipande cha jana kipo?" Kipo, baba. Kaa chini.

Juu ya mlango kuna bango langu. Ni ubao mmoja wa mtumbwi, mrefu kumpita mwanamume, umeandikwa kwa rangi nyeupe: CHAKULA KIPO. Basi. Ubao huo ulikuwa wa mtumbwi wa marehemu mume wangu, kule Kibara nilikoolewa. Mungu amrehemu, lakini alikuwa mvuvi mbaya. Wenzake walirudi na samaki, yeye alirudi na maelezo. Alipofariki mtumbwi ukaoza pale ufukweni, nikachukua ubao mmoja ambao ulikuwa bado mzima nikaondoka nao. Ubao huo umeniletea samaki wengi kuliko mtumbwi wote ulivyowahi kuniletea. Madereva wa malori wanauona kutoka mbali, wanapunguza mwendo. Ukitolewa ule, mimi ni moshi tu unaotoka nyuma ya ukuta, na moshi uko kila mahali.

Jirani yangu, hatua thelathini hivi, naye ana hoteli. Yeye ana bango la plastiki lenye picha ya mkate uliopasuliwa ukajazwa nyama na majani, na chipsi zimesimama kama askari. Ndani anauza wali na maharage ya jana. Nilimuuliza siku moja, "Baba, huo mkate uko wapi?" Akasema, "Mama, hiyo ni picha ya kuvutia wateja." Mwanamume mzima, ana ndevu. Na bango lake lilikuwa na kibali.

Neno hilo kibali nilikuwa silijui mpaka walipokuja vijana wawili wenye vizibao vya kung'aa. Walikula kwanza. Nataka lieleweke hilo. Walikula sato mmoja mmoja, mchuzi wakaongeza, wakasafisha meno na njiti zangu. Ndipo mmoja akatoka nje, akatazama juu.

"Mama, bango hili lina kibali?"

"Lina misumari minne," nikamwambia.

Wakacheka. Yule mwingine akaenda kwenye pikipiki akaleta kopo la rangi, akapanda kwenye kiti changu, kiti ambacho alikuwa amekikalia akila, akapiga X nyekundu kubwa kama msalaba ulioanguka, katikati kabisa ya CHAKULA na KIPO. Wakaniachia karatasi. Siku kumi na nne, niwe na kibali, ama sivyo ubao unang'olewa unapelekwa yadi. Yadi naijua. Nimepita pale nikaona mabango ya watu yamelundikwa, mvua inayanyeshea, kuku wanatagia chini yake. Ubao wangu kwenda kutagiwa na kuku wa serikali! Niliapa hautafika huko.

Kesho yake nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikaenda. Ofisi yenyewe ni jengo refu lenye milango mingi na watu wachache ndani yake. Nje kuna mlinzi, mtu wa makamo, ana rungu analotumia kukunia mgongo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kibali cha bango kinapikwa wapi?"

"Mlango wa mwisho. Lakini bwana mwenyewe ametoka kunywa chai."

"Saa ngapi anarudi?"

"Bibi, hiyo chai sijawahi kuiona mwisho wake."

Nikakaa kwenye benchi mpaka nikasinzia. Saa tano mlinzi akaniamsha, akasema bwana amerudi, ingia upesi kabla hajatoka tena. Nikaingia nimeinamisha macho kwenye karatasi yangu, maana nilikuwa naisomasoma nisije nikasahau neno. Na kwa kuwa macho yalikuwa chini, kitu cha kwanza nilichokiona mle ndani ni viatu chini ya meza. Viatu vya kahawia vyenye ncha ndefu, vinatazamana, cha kushoto kimelemea upande wa ndani.

Viatu hivyo navijua. Ni vya mkwe wangu.

Hapa lazima nisimame nieleze, maana watoto wa siku hizi wanashikana mikono na mama wakwe zao na hata kupiga nao picha. Kwetu sisi mama mkwe na mkwe wa kiume hawaonani uso kwa uso. Hawashikani mkono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawapishani njiani. Akija huku wewe unakwenda kule. Siku binti yangu anaolewa, kule Butiama kwa kaka yangu, niliketi nimejifunika kichwa na blanketi mpya waliyoniletea, na kitu pekee nilichokiona cha yule kijana ni viatu vyake vikipita mbele yangu. Miaka tisa hivi sasa. Ningeulizwa sura yake nisingeijua. Viatu ninavyo kichwani.

Mama yangu alikuwa mkali zaidi katika hili. Alikuwaga akimsikia mkwe wake anakohoa njiani, yule mume wa dada yangu mkubwa, anatupa jembe anaingia kwenye mihogo. Siku moja mvua ilimkuta humo, na yule mkwe akakaa nyumbani anazungumza na baba mpaka jua likashuka. Mama akatoka kwenye mihogo anatetemeka, nguo imemgandia, na hakulalamika hata neno. Akasema tu, "Ameondoka salama?" Kwake ile ilikuwa heshima, na mtu hahesabu baridi ya heshima. Mchungaji wetu anahubiri kwamba mila hizi tuziache. Anahubiri vizuri sana. Lakini mama mkwe wake akitoka Kibara kuja kumtembelea, mchungaji siku hiyo ana safari.

Basi, kule ofisini. Binti aliwahi kuniambia mumewe yuko serikalini, na mimi sikuuliza serikali ya nini. Nikadhani yuko kwenye pamba. Kumbe wamemhamishia meza ya mabango! Nikavuta kitenge kikafunika kichwa, nikaanza kurudi nyuma kama ng'ombe anayekataa josho. Nikasikia kiti kimeanguka. Naye alikuwa amenijua kwa kule kujifunika, na mlinzi aliniambia baadaye kwamba alijibanza nyuma ya kabati la mafaili, tumbo likabaki nje.

Nikamuuliza mlinzi kama kuna mtu mwingine wa kunihudumia. Hakuna. Mabango ni yake peke yake, saini ni yake, muhuri uko kwenye droo yake, na ufunguo wa droo uko mfukoni mwake. Ndivyo walivyopanga, mji mzima unapita kwenye mfuko wa suruali moja.

Tukaanza kuzungumza hivi. Mimi nje kwenye benchi, mgongo kwa mlango. Yeye ndani. Mlinzi amesimama mlangoni, anapeleka maneno na kuleta, ingawa sisi wote watatu tulikuwa tunasikia.

"Bwana anasema barua ya mtendaji iko wapi."

"Mwambie hii hapa."

"Anasema leseni."

"Mwambie hii hapa."

"Anasema anakusalimu sana, mama."

"Mwambie salamu hazina muhuri."

Mlinzi akafikiri kidogo. "Hilo nalo nimwambie?"

"Amekwisha kulisikia."

Siku ya kwanza akataka picha ya bango. Siku ya tatu picha haikuonyesha barabara. Siku ya tano ilionyesha barabara lakini haikuonyesha bango vizuri. Ada nikalipa kwa simu, fundi wa simu akanisaidia kubonyeza zile tarakimu zao ndefu. Sasa nikajua tumemaliza. Siku ya nane mlinzi akatoka, anakuna mgongo na rungu, nikajua kuna jambo.

"Bibi, bwana anasema bado ukaguzi. Lazima afike mwenyewe apime bango lilipotundikwa."

"Aje basi."

"Anasema hawezi kufika kwa mama mkwe wake kienyeji. Akija lazima aje na wenzake, watu wanne au watano, aalikwe, apokelewe. Anasema wewe mwenyewe unajua."

Najua, ndiyo. Mkwe hafiki kwa mkwewe kama muuza mitumba. Anakuja na watu, anapokelewa na watu, na mnyama anaanguka. Kuku ni dharau. Ni mbuzi. Kwa hiyo kupima ubao, urefu na upana, kazi ya mtu mmoja na futi, ilikuwa inataka wanaume watano na mbuzi!

"Mwambie bango liko nje, juu ya mlango. Apime akiwa barabarani. Mimi nitakwenda sokoni siku hiyo."

Maneno yakaingia, yakakaa, yakatoka.

"Anasema mlango ni wa nyumba yako, na kuta ni za nyumba yako. Akiugusa ukuta ameingia kwa mkwe."

Hapo ndipo nilipomdharau kweli. Kabla ya hapo nilimwonea huruma kidogo. Mtu huyu kanisani amepanga foleni akashikana mkono na mke wa mheshimiwa fulani, mama mwenye umri wangu. Chipsi anakula amesimama barabarani. Binti aliniambia hata ng'ombe wa kwao hajui majina yao. Mila yote ameiacha njiani kama ganda la muwa, lakini siku ya kupanda kwenye kiti na kupima ubao mila ikamrudia, moto moto, na vifungu vyake vyote. Hakuwa ananiheshimu, alikuwa mvivu, akaona heshima imetundikwa hapo akaivaa.

Nikarudi nyumbani. Zimebaki siku sita. Jirani yangu wa mkate wa picha akasimama mbele ya hoteli yangu, mikono nyuma.

"Mama, hiyo X inaogopesha wateja. Si uniuzie tu hizo meza?"

"Meza zangu hazijazoea maharage ya jana," nikamwambia. Lakini usingizi ulipungua.

Siku ya kumi nikaamka na akili. Bwana hawezi kuja kwa bango? Bango litakwenda kwa bwana. Nikamwita fundi baiskeli wa hapo karibu akang'oa misumari, tukateremsha ubao. Bodaboda watatu wakakataa kuubeba, wakasema utawakata watu shingo barabarani. Nikasokota ngata, nikajitwika. Watu wa mji wakanitazama, bibi mzima, CHAKULA KIPO juu ya kichwa na X nyekundu. Mmoja akapiga kelele, "Bibi, kiko wapi?" Nikamwambia kiko kwa mama yako, kimeungua.

Nikafika saa mbili. Nikauegemeza ubao ukutani, nikamtuma mlinzi. Jibu likaja upesi, na jibu la upesi ofisini ni la kukataa.

"Anasema bango ambalo halijatundikwa siyo bango. Sheria inasema likaguliwe mahali lilipo."

"Mwambie lipo hapa."

"Nimemwambia. Anasema hapa siyo mahali pake."

Nilitazama ule mlango. Ni mlango mmoja tu. Madirisha yana nondo. Nikaomba kigoda cha mlinzi, nikauchukua ubao wangu nikaulaza chini kwenye kizingiti, kutoka mwimo huu mpaka huu na zaidi, halafu nikakaa katikati ya mlango, mgongo kwa ndani, kichwa nimefunika. Nikatulia.

Mlinzi akanitazama, akatazama ndani, akatazama ubao. Yeye ni mtu wa kwetu, hakuhitaji kuelezwa. Mkwe hapiti ubavuni kwa mama mkwe. Na kuruka kitu cha mama mkwe kilicholala chini, tena ubao wa mtumbwi wa baba mkwe marehemu, ni jambo ambalo hata mtu aliyezaliwa mjini miguu inakataa.

"Bibi," akasema polepole, "umemfungia."

"Mimi nimekaa tu. Miguu inaniuma."

Saa nne ikafika, saa ya ile chai isiyokuwa na mwisho. Nikasikia kiti kinasogea, viatu vinakuja, ta, ta, ta, vikasimama. Vikarudi. Saa tano vikaja tena, vikarudi. Watu wenye shida zao wakaanza kufika, wakakuta bwana yupo mezani. Habari ikatembea, na kufika saa sita foleni ilikuwa imefika getini. Wanapitisha karatasi juu ya kichwa changu, "Samahani bibi, samahani mama," na yeye anatia saini, maana angefanya nini kingine? Mwenye duka la dawa za mifugo alikuwa anafuatilia kibali chake tangu msimu wa pamba uliopita. Alikipata siku ile nikiwa nimekaa. Akanishukuru akataka kuninunulia soda. Nikamwambia asante, mimi niko kazini.

Saa saba nikafungua bakuli langu. Nilikuwa nimefungasha kamongo wa kukaanga na ugali. Harufu nikaiacha iingie mle ndani yenyewe, sikuisukuma. Nikamkatia mlinzi. Tukala. Nyuma yangu nikasikia mtu anameza mate, na mtu akimeza mate bila chakula inasikika.

Mtu mmoja kwenye foleni akasema, "Bwana mkubwa, njoo tule!" Watu wakacheka hadi wakashikana.

Lakini kufika saa nane na kitu nikasikia kitu kingine. Viatu vilianza kucheza. Chini ya meza, kimoja juu ya kingine, vinabadilishana, haraka. Mtu anayemjua mtu kwa viatu tu anajua vinasema nini. Amekunywa maji asubuhi, na choo kiko nje ng'ambo ya uwanja.

Hapo kicheko kikaniisha moyoni. Nasema wazi maana nimezeeka na sina wa kumficha: nilimkumbuka mama yangu ndani ya mihogo. Yeye alinyeshewa ili mkwe wake asiaibike. Mimi nimeichukua baridi ile ya mama, nimeigeuza kufuli, nimefungia nayo mtoto wa watu mpaka ajikojolee mbele ya mji. Nilijidharau. Si sana, lakini nilijidharau, na niliendelea kukaa. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja kwenye kigoda kimoja.

"Mlinzi," sauti ikatoka ndani, nyembamba. Ndiyo mara ya kwanza naisikia sauti yake ikiwa haijavaa tai. "Chukua futi. Pima ubao hapo ulipo."

"Sheria, bwana?"

"Pima, ndugu yangu, pima!"

Mlinzi akapima. Akasoma urefu, akasoma upana, akauliza kama unene nao unahitajika, yule mpumbavu, na mimi nikajua anafanya makusudi. Droo ikafunguka. Muhuri ukagonga mara mbili. Karatasi ikapita juu ya bega langu, nikaisoma polepole kama nisomavyo siku zote, neno kwa neno, mpaka lile lililosema limekaguliwa. Ndipo nikainuka, nikauinua ubao upande mmoja, nikageukia ukutani nikajifunika mpaka machoni. Viatu vya kahawia vikapita nyuma yangu vinakimbia. Foleni ikampigia makofi mpaka chooni.

Jioni ile ile ubao ukarudi juu ya mlango. Misumari ilikuwa minne, nikatia sita. Jirani yangu akaja akautazama, akaitazama karatasi, akasoma, akaenda zake kwenye maharage yake.

Binti akanipigia simu. Hakusalimia.

"Mama, umefanya nini? Mji mzima unamcheka."

"Nilikaa tu, mwanangu."

"Hali. Hasemi. Amevua vile viatu amevitupa nyuma ya nyumba."

"Avivae tena. Bila hivyo mimi nitamjuaje?"

Akakata simu. Nikabaki nimeshika simu kama kijiko kisicho na chungu. Wiki mbili hakuwaleta wajukuu, na kusema kweli hilo liliuma kuliko X.

Halafu mzee mmoja wa upande wao akaja kuzungumza nami, akasema njia imezibwa kati ya nyumba hizi mbili na lazima ifunguliwe. Aje mkwe kwa heshima na watu wake, nami nipokee. Unaona? Mbuzi yule yule. Nilimkimbia kule ofisini akanifikia kwa njia nyingine.

Wakaja Jumapili baada ya ibada, wanaume watano. Yeye akakaa meza ya nje kabisa, mgongo kwangu. Viatu ni vile vile, vimepigwa rangi. Mimi nikawa jikoni, napitisha sahani kwa binti. Wakala mbuzi, na siwezi kusema walikula kidogo. Mkwe wangu alitafuna mpaka mfupa, mtu ambaye anasema mila zimepitwa na wakati. Blanketi waliniletea, kama inavyotakiwa. Nyepesi. Unaona taa kupitia humo.

Walipomaliza, mwenzake akasimama kwenye mlango wa jiko, akatazama pembeni.

"Mama, mkweo anasema bango sasa lina kibali. Ile X haifai kubaki. Inaonyesha vibaya."

"Mwambie aliyeipaka alikula sato wangu kwanza. Aje aifute."

Wakanong'ona huko nje. Kisha nikasikia kiti kinaburuzwa. Nikachungulia kupitia ufa wa bati, mambo ambayo mama yangu asingeyafanya. Mkwe wangu amepanda kwenye kiti, shati jeupe la ibada, ana kitambaa na mafuta ya taa aliyopewa na binti, anasugua ule ubao wa mtumbwi wa mvuvi mbaya. Mkono wa kushoto ameutia ukutani. Ukuta ule ule aliosema akiugusa ameingia kwa mkwe. Miaka tisa namjua viatu, ndiyo kwanza nauona mgongo wake. Ni mpana. Unatoka jasho upesi.

Alisugua kwa muda mrefu. Rangi ya serikali haina mchezo, haikutoka. Ilififia tu ikawa kama ufizi wa mtoto. Nikamwita binti.

"Mwambie mwenzake amwambie ashuke. Kuna supu, inapoa."

Ubao upo. X ipo, madereva wanaelekezana, kuleni pale penye X. Kibali nimekitundika jikoni, juu ya moshi, na chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo siku ile sikuzifikia, kumeandikwa kwamba kinadumu mwaka mmoja. Nikamwambia binti.

"Mama, ameomba uhamisho."

"Kwenda meza gani?"

"Hajasema. Amesema usiambiwe."

Kigoda cha mlinzi, nilichoondoka nacho siku ile, sijakirudisha bado.